Kumpima Fundi kwa Variomita

Miongoni mwa vyombo vyote vilivyopangwa kwenye dashibodi ya glaida, yaani ile ndege isiyo na injini ambayo huvutwa hadi angani kwa kamba kisha ikaachwa iishi kwa fadhila ya hewa ipandayo, hapana chombo kipendwacho na kulaumiwa kwa pamoja kama variomita. Kipimamwendo humwambia rubani mwendo wake, altimita humwambia kimo chake, lakini variomita ndiyo imwambiayo, wakati wote, kama hewa iliyomzunguka yampandisha au yamshusha. Na kwa kuwa mwili wa binadamu huhisi mabadiliko ya mwendo tu, wala hauhisi mwendo wenyewe ukishatulia, rubani aliyekosa habari hiyo hawezi kujua kwa yakini kama anapanda mita moja kwa sekunde au anashuka kwa kadiri hiyo hiyo.

Wapanda maputo walikwisha kuwa na chombo hiki zamani, bali katika glaida kilianza kupata heshima mwaka 1928, katika mlima wa Wasserkuppe nchini Ujerumani, ambao kilele chake kina kimo cha mita 950, pale Alexander Lippisch, msanifu wa ndege, alipomshauri Robert Kronfeld, rubani wa Austria, aruke nacho. Na mwaka uliofuata Kronfeld akawa mtu wa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa glaida. Tangu siku hizo rubani na variomita hawaachani, na tangu siku hizo pia mafundi hawajapumzika kusikia malalamiko kwamba variomita ya fulani haisemi kweli. Hapo ndipo ustadi hujulikana. Ubawa uliovunjika kila mtu auona, na kazi yake ni ya mikono. Ila hitilafu isiyoonekana hutafutwa kwa akili iliyotulia, mikono ikifuata nyuma. Nakusudia kueleza dalili ambazo kwazo mwenye glaida, hata asipokuwa fundi, ataitambua kazi bora ya kutafuta hitilafu hiyo na kuitenga na kazi ya kubahatisha.

Lakini hawezi kuhukumu kazi asiyejua chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Nyuma ya dashibodi pana chupa ya themosi, aghalabu ya ujazo wa lita 0.45, iliyotiwa sufi ya chuma au ya shaba ili hewa iliyomo isipate joto wala baridi kwa ghafla. Chupa hiyo imeungwa na upande mmoja wa variomita, na upande wa pili umeungwa na hewa ya nje kwa mrija mrefu ufikao mkiani. Glaida ikipanda, shinikizo la hewa ya nje hupungua, hewa ya chupa hutoka kwa kupitia variomita, na mshale huinuka. Glaida ikishuka, hewa huingia chupani na mshale huinama. Sasa msomaji aitazame hesabu yake. Karibu na usawa wa bahari shinikizo hubadilika kwa paskali 12 hivi kwa kila mita moja ya kimo, kwa hiyo glaida ipandayo mita moja kwa sekunde huitoa katika chupa hiyo hewa ya sentimita za ujazo 3 na kidogo tu kwa dakika nzima, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Hiyo ndiyo riziki yote ya mshale. Ufa usioonekana kwa jicho, katika kiungo kimoja tu kati ya viungo vingi, waweza kuvujisha zaidi ya hapo, na variomita ikaendelea kusema kwa unyofu kabisa habari za uongo ilizoletewa.

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi, na neno hilo lastahili kuandikwa juu ya mlango wa kila karakana ya glaida. Dalili ya kwanza ya fundi stadi ni kwamba hamshutumu mjumbe kabla hajaichunguza njia aliyopita. Yuko fundi ambaye, akisikia kwamba mshale wacheza, huchukua bisibisi, akaing'oa variomita, akaweka nyingine mpya ya thamani kubwa. Na rubani akiruka siku ya pili akauona mshale ukicheza vile vile, fundi huyo hulaumu upepo. Sioni haya kusema kwamba kazi ya namna hiyo ni dhuluma, hata ikifanywa kwa nia njema, kwa sababu mwenye glaida amelipa mali nyingi na hatari yake ameruka nayo tena.

Fundi mahiri huanza kwa kuuliza, na ubora wake waonekana katika maswali yake kabla haujaonekana katika vidole vyake. Huuliza kama kasoro huzidi mwendo ukizidi, au ni ile ile katika kila mwendo. Huuliza kama glaida ililala nje usiku wa mvua, kwa kuwa tone moja la maji ndani ya mrija hutosha kuufanya mshale uruke na kusitasita. Huuliza kama mwili wa glaida ulipigwa nta hivi karibuni, maana nta huziba vile vitundu vidogo vya ubavuni vinavyopokea shinikizo la hewa tulivu, na utepe uliobandikwa kuvilinda wakati wa kuosha husahauliwa mara nyingi kuliko mafundi wapendavyo kukiri. Huuliza kama mshale hutikisika rubani abonyezapo kitufe cha redio, jambo ambalo katika variomita za umeme huelekeza kwenye waya na viungo vyake. Na swali nilipendalo kupita yote ni hili: je, ukikifungua kidirisha cha kifuniko cha kioo hali unaruka, mshale wahama? Ukihama, basi hewa ya chumba cha rubani imepata njia ya kujipenyeza katika mirija, na nusu ya kazi imekwisha kabla glaida haijaguswa.

Baada ya maswali huja jaribio, nalo lataka kutazamwa kwa karibu. Fundi hupachika kipande cha mpira laini kwenye mrija wa mkiani, na kwa bomba la sindano huvuta hewa polepole sana, jicho lake likiwa juu ya mshale, au pawepo mwenzake mbele akimtajia. Kwani akivuta kwa pupa mshale utagonga mwisho wa mizani yake na huenda chombo kikaumia. Hapulizi kwa kinywa, wala hanyonyi kwa kinywa. Mtu umwonaye akipuliza katika mrija uliounganishwa na vyombo, usimpe glaida yako, kwa sababu pumzi ya mwanadamu ina nguvu mara nyingi kuliko vyombo hivi vilivyoundwa kustahimili, tena ina unyevu. Akiisha kuvuta, huubana mpira na kungoja. Wakati wa kuvuta mshale huonyesha kupanda. Baada ya kubana hurudi kwenye sifuri, na njia ikiwa nzima hubaki hapo hapo. Asiyejua hutosheka kuona kwamba mshale haukutulia, akasema, "Panavuja." Ajuaye hutazama umeelekea wapi. Ukipita sifuri na kukaa upande wa kushuka, basi hewa yaingia katika mrija kabla ya kufika kwenye chombo, ikirudi chupani kwa mlango wa mbele. Ukibaki upande wa kupanda, basi uvujaji uko upande wa chupa, nayo chupa yaivuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye variomita kwenda mrijani. Kwa dakika moja, bila kufungua skrubu, fundi amekwisha kujua aanzie upande upi. Huu ndio uzuri wa kazi hii, nami naukubali kuwa uzuri sawa na ule wa mshono uliotulia au wa mlango uliochongwa vizuri.

Uvujaji wa upande wa chupa ndio wenye madhara makubwa zaidi, na lazima nieleze sababu yake, maana wengi hawaitambui. Mrija wa mkiani, kama nitakavyoeleza, huleta shinikizo dogo kuliko la chumbani, na tofauti hiyo huongezeka mwendo ukiongezeka. Chupa ikivuja, hewa ya chumba huingia humo na kutoka kupitia variomita muda wote, na mshale huonyesha kupanda kusikokuwapo. Rubani huzunguka kwa matumaini mahali ambapo hewa yamshusha, na ardhi yamsogelea.

Ufa wenyewe, ukipatikana, mara nyingi huwa mdogo hata mtu akastaajabu. Shika mwisho wa mpira uliokaa miaka mingi juu ya ncha ya chuma: umekuwa mgumu, umepoteza rangi yake, na mdomo wake umepanuka ukabaki hivyo hata baada ya kutolewa, kwa kuwa umesahau kubana. Ukiukunja mdomo huo baina ya kidole gumba na cha shahada, utaona mistari myembamba iliyopasuka kwa urefu, ambayo hufumba mpira ukiwa na joto na kufumbuka ukipata baridi ya juu. Na ndiyo sababu glaida hupimwa mchana ikaonekana nzima, kisha ikaruka hadi mita 3,000 ikaanza kusema uongo. Fundi wa kati hukata sentimita moja ya mwisho na kuurudisha. Fundi bora hukata hiyo sentimita, huitazama, na kama ufa umeingia zaidi hubadilisha mpira wote, kisha huenda kuiangalia mipira mingine iliyowekwa siku moja na huo. Ama yule apakaye gundi juu ya kiungo kinachovuja, huyo ameificha hitilafu na kumwachia tabu fundi atakayekuja baada yake.

Huo mrija wa mkiani una elimu yake. Rubani akiwa katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa akavuta usukani hadi mwendo ushuke kuwa 90, glaida hupanda mita 60 na zaidi kwa kutumia mwendo wake wenyewe, wala si kwa msaada wa hewa. Variomita ya kawaida huushangilia mpando huo, na rubani hudanganyika kwamba amekuta hewa njema. Dawa yake ni mrija uliotobolewa kwa nyuma, wenye kuleta shinikizo linalopungua kwa kadiri ile ile ambayo mwendo huliongeza mbele, hata mabadiliko ya mwendo yakafidiwa na mshale ukasema habari za hewa peke yake. Kabla yake watu walitumia vyombo vingine, na Frank Irving wa Imperial College mjini London ana jina katika jambo hilo. Lakini umbo rahisi wengi walitumialo leo latokana na kazi ya Oran Nicks, mhandisi wa NASA, katika miaka ya 1970. Mrija huo hupachikwa kwenye pezi la mkia ukielekea mbele, na kitakoni pake pana pete ya mpira ambayo, ikikauka, huharibu kila kitu. Wadudu nao hupenda kujenga katika vitundu vyake. Fundi ambaye hakuutoa mrija huo na kuitazama pete yake hajafanya uchunguzi.

Jaribio lake halifanyiki karakanani. Rubani huenda juu alfajiri, kabla jua halijaichemsha ardhi, akaruka katika hewa iliyotulia kwa kilomita 160, kisha akavuta usukani kwa upole na bila kuyumba upande. Mshale ukipaa, fidia ni pungufu, na mara nyingi kuna uvujaji katika mrija; ukishuka sana, fidia imezidi. Fundi mwenye insafu hatoi hukumu kwa jaribio moja, wala hatengenezi mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu baada ya hapo hatajua lipi lililoponya.

Tukitoka kwenye variomita, katika altimita tatizo aghalabu ni la msuguano tu. Ndege yenye injini hutikisika, na mtikisiko huo huizuia mishale isinate; glaida ni kimya, na rubani hana budi kugonga kioo kwa kidole ili mshale uamke. Mshale ukiruka hatua kubwa kila kioo kigongwapo, chombo kipelekwe kwa mwenye idhini ya kukifungua, wala si kwingineko. Ama uzi wa sufu ubandikwao mbele ya kifuniko cha kioo kuonyesha kama glaida yaenda mshazari, ambao ndugu Wright waliutumia katika glaida yao ya 1902, husema kweli daima, mradi hauna maji wala haujakatika.

Kazi ikiisha, mwenye glaida aombe kutazama nyuma ya dashibodi, na fundi akikataa jambo hilo lihesabiwe. Mirija iwe na rangi mbalimbali au alama, isipindwe hata ikajifunga, iwe na urefu wa kutosha ili dashibodi iweze kuvutwa nje bila kunyofoa kitu, na viungo viwe vichache kadiri iwezekanavyo. Zaidi ya yote, pasiwepo mpira wala waya uwezao kunaswa na fito za usukani au kanyagio za mkia. Fundi ausogeze usukani hadi mwisho wa kila upande mbele ya macho yako, na vifaa vyake avihesabu kabla ya kufunga. Kisha aandike kitabuni alichokikuta, alichokibadilisha, na namna alivyojaribu, kwa maneno ambayo fundi mwingine ataweza kuyafuata. Na malipo yaliyobaki yangoje ruko la kwanza la alfajiri, fundi akiwepo uwanjani kusikia jibu la mshale kutoka kwa rubani mwenyewe.