Bonde la Unyenyekevu: Kitabu cha Bunyan na Shida za Kila Siku

Ni vitabu vichache vya Ulaya vilivyosafiri mbali kama Safari ya Msafiri, hadithi iliyotungwa na John Bunyan wa Uingereza. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na karibu 80 kati ya hizo ni lugha za Afrika. Wamisionari wa Kiprotestanti walikithamini mno, na katika vituo vyao vingi kilifuata nyuma ya Biblia tu. Kwa hiyo tusiposahau kwamba katika miaka ya 1910 na 1920 vituo vya namna hiyo vilifunguliwa Kigari katika Embu, na Kaaga na Chogoria katika Meru ya wakati huo, hatutashangaa kuona kwamba maneno kama "mzigo", "safari" na "njia nyembamba" yamekuwa maneno ya kawaida katika mahubiri ya makanisa yetu yaliyo chini ya Mlima Kenya.

Lakini kitabu chaweza kusifiwa sana na kusomwa kidogo. Kwa hiyo yafaa tuulize: hadithi hii ya Mwingereza wa zamani ina neno gani kwa mwanafunzi wa Runyenjes au Nkubu, ambaye shida zake ni karo, ukame, na bei ya kahawa? Wengi hujibu kwamba yafundisha uvumilivu. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Punda naye huvumilia. Naona kwamba jambo kubwa ambalo Bunyan atufundisha ni kuona, yaani kuipima shida, kuijua ilipo katika safari yetu, na kutoidhania kuwa ndiyo mwisho wa njia. Ushujaa wa wasafiri wake watokana na kuona huko.

Kwanza tumwangalie mtungaji mwenyewe, maana hakuandika juu ya taabu akiwa mbali nayo. Alizaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford, akafanya kazi ya baba yake ya kutengeneza sufuria na vyombo vya chuma vilivyotoboka. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila idhini ya Kanisa la serikali, akakaa gerezani miaka 12. Nje alimwacha mkewe na watoto, na binti yake wa kwanza, Mary, alikuwa kipofu. Ili kuwasaidia, alitengeneza kamba za viatu humo gerezani zikauzwe. Naye angeweza kutoka mapema kama angaliahidi kutohubiri tena, lakini alikataa. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa wako wasemao kwamba kitabu chake ni cha kuwatuliza wanyonge wakubali kila watendewalo. Mtu aliyefungwa miaka 12 kwa kukataa kunyamaza hakuwa mwalimu wa kukubali kila jambo.

Hadithi yenyewe ni ya mafumbo. Mtu aitwaye Mkristo aondoka katika Mji wa Maangamizi, amebeba mzigo mzito mgongoni, akielekea Mji wa Mbinguni. Kila mtu akutanaye naye, na kila mahali apitapo, pana jina lenye kuonyesha maana yake. Mwanafunzi huweza kuona kwamba jambo hili ni la kitoto. Lakini fikiri jinsi shida ituingiavyo. Mtu aliyezongwa na mashaka hawezi kusema ni kitu gani hasa kimsumbuacho. Aona giza tu, na giza halina mpaka. Bunyan aipa kila taabu jina na mahali pake. Kukata tamaa ni tope lenye kingo mbili, na woga ni simba waliofungwa minyororo kando ya njia, ingawa msafiri aliye mbali haioni minyororo ile. Kitu chenye jina na mpaka chaweza kukabiliwa.

Chukua habari ya Kilima cha Taabu. Yafaa tuangalie mahali ambapo Bunyan amekiweka kilima hiki. Mkristo amekwisha kufika penye Msalaba, na mzigo wake umekwisha kuanguka. Mtungaji mwenye akili ndogo angalimpa sasa njia tambarare hata mwisho. Bunyan amwekea mlima. Tena kuna vijia viwili vizungukavyo chini, na wasafiri wawili wavifuata, nao wapotea. Njia ya haki ni ile ipandayo juu kabisa. Mkristo aanza kwa kukimbia, kisha aenda kwa mwendo wa kawaida, na mwishowe atambaa kwa mikono na magoti. Mtu yeyote aliyepanda kutoka mtoni Nithi hata juu ya ukingo, akiwa na mzigo wa kuni au debe la maji, ajua kwamba maelezo hayo ni ya mtu aliyepanda mlima kweli.

Maana ya mpango huo ni kubwa kwetu. Kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua zilipungua au zikakosekana kabisa katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, na nchi kavu za Tharaka na Mbeere ziliumia pia. Kadhalika mwaka 1989, mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na wakulima wa Meru na Embu waliotegemea miti yao kwa karo za watoto waliona jasho lao likikosa thamani. Nyakati kama hizo hapakosi mtu wa kusema kwamba wenye kupatwa na shida wamemkosea Mungu. Kilima cha Taabu chamjibu mtu huyo. Mlima umesimama katikati ya njia iliyo sawa, na kukutana nao si dalili kwamba umepotea. Mkulima wa Mbeere aliyepanda mtama wake kwa wakati, na mvua isije, hana haja ya kujiongezea hatia juu ya njaa.

Habari nyingine ijulikanayo sana ni ya Ngome ya Mashaka. Mkristo na mwenziwe Tumaini, kwa kuwa njia iliwaumiza miguu, waruka ua na kufuata kijia laini, nao wakamatwa na Jitu Kata-Tamaa. Lawafungia tangu Jumatano asubuhi hata Jumamosi usiku, bila chakula wala maji, lawapiga kwa rungu, tena lawashauri wajiue. Mkristo akaribia kukubali, na Tumaini amzuia kwa kumkumbusha mambo waliyokwisha kuyashinda. Mwishowe Mkristo akumbuka kwamba kifuani mwake mna ufunguo uitwao Ahadi. Ajaribu, na milango yafunguka.

Wako walioitia kasoro sehemu hii, wakiuliza iwapo mtu mwenye ufunguo kifuani aweza kukaa siku nne akipigwa. Kwangu mimi hapa ndipo mtungaji alipoujua moyo wa binadamu. Mtu aliyekata tamaa hakosi sababu za kuishi, amezisahau. Kijana aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa nyuma ya nyumba akijiona kwamba maisha yake yamekwisha, bado ana akili zake, mama yake, walimu wake, na Mungu wake. Hakuna kimojawapo kilichoondoka, lakini havioni. Tazama tena kwamba Mkristo hakuukumbuka ufunguo akiwa peke yake. Siku zote nne alikuwa na mwenzi wa kuzungumza naye na kusali naye. Hili ni onyo kwa kila kijana mwenye tabia ya kuficha huzuni yake.

Hata hivyo, hapana budi kutaja kasoro za kitabu. Wahusika wengi ni majina yanayotembea. Mtu aitwaye Kigeugeu hawezi kufanya lolote ila kugeuka. Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi kwa msomaji wa Kiafrika ni ile ya mwanzoni. Mkristo akimbia nyumbani kwake akiwa ameziba masikio kwa vidole, na mkewe na watoto wake wakimlilia arudi. Twaelewa fumbo lake, yaani wokovu hautakiwi kucheleweshwa kwa ajili ya yeyote. Lakini moyo wetu wakataa. Kwetu shida haimpati mtu mmoja. Ukame huingia nyumba nzima, na karo ya mtoto mmoja hulipwa kwa mbuzi wa mjomba na mchango wa majirani. Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani huonekana mwepesi kwa sababu haumo mgongoni mwako. Katika sehemu ya kwanza, mzigo wa mkewe Mkristo haukupimwa kabisa.

Yaonekana kwamba Bunyan mwenyewe aliona upungufu huo, kwa maana miaka sita baadaye alitoa sehemu ya pili. Sehemu hii haisomwi sana, nayo yastahili kusomwa. Humo Kristiana, mke wa Mkristo, afunga safari ile ile pamoja na wanawe wanne na jirani yake kijana aitwaye Rehema. Wapewa kiongozi, Moyo Mkuu, na njiani wawaokota wanyonge. Mmoja ni Moyo Dhaifu, ambaye aogopa kuwachelewesha wenye nguvu. Mwingine ni Mchechemea, aendaye kwa magongo. Mchechemea amwambia Moyo Dhaifu kwamba yu tayari kumpa gongo moja katika mawili yake. Baadaye, Jitu Kata-Tamaa liuawapo na ngome yake kubomolewa, Mchechemea acheza ngoma kwa furaha, gongo moja mkononi, akiwa amemshika mkono msichana mmoja aliyeokolewa humo. Katika sehemu ya kwanza wawili walitoroka kutoka kwa jitu. Katika ya pili Moyo Mkuu na wenzake waliondoa jitu lisiwasumbue wengine watakaopita. Ushirika huo wafanana zaidi na maisha yetu, na ushujaa wake ni mkubwa zaidi.

Tena katika sehemu hii kuna jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yangu. Katika sehemu ya kwanza, Mkristo ashuka katika Bonde la Unyenyekevu, na humo apigana na adui wa kutisha karibu afe. Msomaji alifunga jalada akiamini kwamba bonde lile ni mahali pabaya. Katika sehemu ya pili Kristiana na watoto wafika bonde lile lile, na tazama, ni nchi ya kijani yenye maua na rutuba kuliko nchi zote za njiani. Kijana mchungaji, mwenye nguo duni na uso wa afya, achunga kondoo wa baba yake huku akiimba. Moyo Mkuu aeleza kwamba watu wakisikia mtu amepatwa na jambo la kutisha mahali fulani, hudhani mahali pale pana pepo mbaya, kumbe sivyo. Bonde halikubadilika. Aliyebadilika ni mtu alitazamaye.

Wenyeji wa Meru na Embu hawahitaji maelezo marefu. Nchi yetu ni migongo na mabonde, na mito yatoka mlimani kwenda Tana. Kushuka bondeni huumiza magoti, na kupanda huumiza kifua. Lakini huko chini, kando ya mto, ndiko kwenye magimbi, ambayo sisi twayaita nduma, na migomba isiyokauka wakati wa kiangazi. Mkulima huliogopa bonde na hulitegemea pia. Hali ya kuwa na kidogo, ya kusoma kwa taa ya mafuta, ya kuvaa sare iliyotiwa viraka, ni bonde la namna hiyo. Simaanishi kwamba umaskini ni kitu kizuri, wala Bunyan hasemi hivyo. Katika hadithi yake wafanyakazi wa Mfalme hawachoki kumwaga shehena za kujaza lile Tope la Kukata Tamaa, ingawa halijaisha. Imani inayomwona jirani topeni na kumpa mahubiri tu, bila mkono wa kumvuta, haitoki katika kitabu hiki.

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza wachungaji wawapeleka wasafiri juu ya kilima na kuwapa darubini, ili waone milango ya Mji wa Mbinguni. Nao watazama, lakini mikono yatetemeka kwa kukumbuka mambo ya kutisha waliyoonyeshwa punde, hata hawawezi kuishika darubini sawasawa. Hata hivyo wadhani wameona kitu kama mlango, na kitu kama utukufu, nao washika njia wakiimba. Napenda unyofu wa mtungaji hapa. Hakuwapa wasafiri wake macho makali kupita ya wanadamu. Alfajiri mtu wa Chuka au wa Embu huona vilele vya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, vikiwa wazi kabisa. Saa nne mawingu yamekwisha kuvifunika, naye aendelea kulima bila kusema kwamba mlima umeondoka.

Basi, mwanafunzi, ukikipata kitabu hiki, usiishie sehemu ya kwanza kama wafanyavyo wengi. Soma zote mbili, kisha linganisha jinsi Mkristo na Kristiana walivyolipita lile Bonde la Unyenyekevu. Jiulize ni nini kilichowafanya waone tofauti, na ni nani aliyekuwa akitembea pamoja na kila mmoja wao.