Pongezi kwa Vijana wa Ndoo Mbili, Tabora

Kiangazi, gari likienda Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, hurudi Tabora mjini limebadilika rangi. Vumbi walilolikanyaga wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu leo linatua kwenye bodi za magari, na wanaopambana nalo ni vijana wanaopita majumbani kuosha. Nawapongeza kwa moyo wote.

Vumbi lile ni mchanga mdogomdogo. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu, kila chembe inakwaruza rangi kama msasa. Ndiyo ile michirizi inayoonekana kwenye gari jeusi likipigwa na jua. Kijana anayeosha letu hagusi bodi kabla hajalimwagia gari maji kuanzia paani, tope litiririke lenyewe. Ana ndoo mbili: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Niliwahi kuchungulia ile ya pili, nikakuta mchanga mwekundu umetuama chini. Wote ule ungerudi mlangoni mwa gari! Magurudumu yana kitambaa chake. Sabuni ya unga haitaki, maana inaondoa nta inayolinda rangi.

Huosha asubuhi, kivulini, maji yasije yakakaukia kwenye bodi na kuacha madoa. Kivuli chenyewe ni cha mwembe, basi utomvu na vinyesi vya ndege havikosekani. Hakwangui kwa kucha. Huweka kitambaa kilicholowa juu yake, akasubiri, na mimi husubiri naye.