Mhunzi Katika Vitabu na Insha Zetu

Katika vitabu vya kusomea na katika insha za wanafunzi, mhunzi wa kijijini huletwa kwa sura ile ile: mzee kibandani, cheche zaruka, chuma "chayeyuka kama maji", chamiminwa kalibuni, na jembe latoka. Sisi tufundishao Kiswahili hapa Nengo, mjini Gisenyi, tunaona maelezo hayo yapendeza masikioni tu, kweli hayasemi.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Tanuri ya jadi haikukusudiwa kutoa chuma cha kumimina. Mavi ya chuma ndiyo yaliyoyeyuka na kuchuruzika, kikabaki kibonge kigumu chenye matundu. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya mhunzi: kukitia motoni, kuvukuta, kukishika kwa koleo, kukilaza juu ya fuawe na kukipiga hata taka zikitoke. Kuyeyusha mtapo ni kazi moja, kufua ni nyingine. Mwandishi akizichanganya, msamiati wote huvurugika.

Litazamwe neno fuawe: kitenzi kufua kimo ndani yake. Vijana hukijua kwa nguo na kwa nazi, na leo twakisikia katika mitambo ya kufua umeme. Somo zima la unyambuaji limelala hapo, nasi twalipita! Kwa Mnyarwanda, nyundo ni rahisi, maana kwao ni inyundo. Bali umucuzi hamfikishi kwa mhunzi pasipo kufundishwa. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kosa la kitabu limekuwa zito zaidi, kwa kuwa wengi hukutana na neno hapo kwa mara ya kwanza.

Kosa jingine ni kumdunisha. Mhunzi wa vitabuni ni fukara mwenye masizi, wa kuhurumiwa. Lakini katika Rwanda ya kale nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, lililofukuliwa mwaka 1969, lilikuwa na nyundo za chuma. Jembe nalo lilitolewa mahari.

Huko Buhaya, nchini Tanzania, wazee waliwasha tena tanuri mbele ya watafiti. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walidai kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufikia makaa. Wataalamu wengine walipinga. Ubishi huo tungependa kuusoma katika insha, badala ya zile cheche.