Ping Inakwenda, Kazi Haiendi

Tuchukue ofisi yenye makao makuu Mbeya na tawi Iringa. Mfano nimeutunga, ila dalili zake anazifahamu kila fundi aliyewahi kuunganisha matawi kwa VPN. Mhasibu wa Iringa anaandika nywila, mfumo ulioko kwenye seva ya Mbeya unamkubali, menyu inatokea. Akifungua ripoti ya mwezi, ukurasa unabaki mweupe mpaka muda unaisha. Cha ajabu, kupandisha faili kubwa kutoka Iringa hakuna shida. Fundi anapiga ping, inajibu bila kupoteza pakiti hata moja. Lawama inaangukia spidi, ofisi inalipia megabiti zaidi, na ripoti haifunguki ng'o.

Tatizo hapa ni ukubwa wa pakiti. Pakiti ya kawaida kwenye Ethernet hufika baiti 1,500. Vichwa vya PPPoE, upande wa laini ya intaneti, hula 8, na vya GRE, upande wa VPN, hula 24, kwa hiyo njia yenye vyote viwili hubakiwa na 1,468. Kikomo hicho ndicho mafundi wanakiita MTU. Ping ya Windows, usipoiongezea kitu, hubeba baiti 32 tu za data, na ya Linux 56. Haikaribii kikomo hata kidogo, basi majibu yake mazuri hayathibitishi lolote kuhusu ripoti.

Dawa ilishaandikwa Novemba 1990, katika RFC 1191 ya Jeffrey Mogul na Steve Deering. Mtumaji huipa pakiti alama ya DF, yaani isikatwe vipande njiani. Ruta isiyoweza kuipitisha huitupa, kisha humrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP, aina ya 3 msimbo wa 4, wenye kutaja ukubwa unaokubalika. Ni kama mizani ya Makambako: lori likizidi uzito, dereva huambiwa limezidi kiasi gani, naye humpigia simu mwenye mzigo. Sasa mnyang'anye dereva simu. Mwenye mzigo aliyeko Mbeya hana habari, anatuma lori jingine lenye uzito uleule, nalo linaishia palepale.

Anayenyang'anya simu kwa kawaida ni ukuta wa usalama uliowekwa mbele ya seva. Aliyeupanga aliruhusu ping na kufunga ICMP nyingine zote, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba ICMP ni hatari. Hayo ni mazoea tu, wala si usalama.

Wengi hukosea kwa kupima upande wa anayelalamika. Ukikaa Iringa kwenye kompyuta ya Windows ukaandika `ping -f -l 1472` kuelekea seva, ruta ya tawi itakujibu mara moja kwamba pakiti ni kubwa mno. Kila kitu kitaonekana kiko sawa, na kwa upande huo ni kweli: ndiyo sababu kupandisha faili kunawezekana. Aliyekwama ni mtumaji wa data kubwa, naye ni seva. Nenda kwenye seva yenyewe, na kama ni ya Linux uandike `ping -M do -s 1472` ukielekeza Iringa. Zile 1,472, ukijumlisha 8 za ICMP na 20 za IP, ni 1,500 kamili. Ukipata kimya, punguza kidogokidogo. Kama 1,440 inajibiwa na 1,441 inamezwa bila ujumbe wowote, umeshapata kikomo cha 1,468, na kimya chenyewe kinaashiria kuwa ujumbe wa ICMP unazuiwa.

Usiishie hapo, maana kuna kuta zinazozuia ping kubwa kwa makusudi. Washa tcpdump, programu ya kunasa pakiti, pande zote mbili. Kwenye seva utaona kipande kilekile cha TCP chenye baiti 1,460 kikirudiwa, na nafasi kati ya jaribio moja na jingine ikizidi kurefuka. Upande wa Iringa angalia mkia: mara nyingi kipande cha mwisho, kile kifupi, hufika salama huku vinene vilivyokitangulia havionekani. Msongamano haubagui pakiti kwa unene namna hiyo. (Ukiona kwenye seva pakiti zinazozidi 1,500, usishtuke. Mara nyingi kadi ya mtandao ndiyo inayozikata baadaye, tcpdump ikiwa imeshaziona.)

Tiba ya haraka ni kubana MSS, yaani kikomo cha data katika kipande kimoja cha TCP, kwenye ruta ya VPN: 1,468 ukitoa 40 za vichwa vya IP na TCP inabaki 1,428. Kwenye Linux, kanuni ya iptables yenye `--clamp-mss-to-pmtu` hufanya kazi hiyo, na ripoti hufunguka papo hapo. Hata hivyo hicho ni kiraka cha TCP peke yake, trafiki ya UDP hainufaiki nacho.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia ukuta wa usalama, fungua kanuni zako leo, uruhusu ICMP aina ya 3 msimbo wa 4. Kama unatumia IPv6, ruhusu aina ya 2 ya ICMPv6, kwa sababu huko ruta hazikati pakiti kabisa. Na kabla hujasaini mkataba wa megabiti zaidi, pima kwanza ukiwa kwenye seva.