Walimu wa Kiangazi
Kabla vyuo vikuu vya Uingereza havijafungua mwaka mpya wa masomo, kuna walimu wa Kiingereza ambao tayari wako darasani. Wanafunzi wao wametoka China, Saudi Arabia, Thailand. Wengine wamepata 6 kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, na chuo kinataka 6.5. Pengo hilo lazima lizibwe kwa wiki chache.

Mwalimu anasoma insha ileile, rasimu baada ya rasimu: hapa dai halina ushahidi, pale maneno ya mtu mwingine hayana chanzo. Anamzoesha mwanafunzi mkimya kumpinga mwenzake kwa adabu, na kuandika muhtasari huku mhadhara ukiendelea.

Wengi wana mkataba wa kiangazi tu. Siku ya mahafali hawatajwi, ilhali tasnifu nyingi zina jasho lao. Wanastahili shukrani zetu.