Mitumbwi Mitatu, Wavu Mmoja

Jioni, ukiwa Bagira, Bukavu, mahali mteremko unapokaribia Ziwa Kivu, utaona chombo kisichofanana sana na chombo. Ni mitumbwi mitatu iliyokaa sambamba, imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, na miti mingine imetokeza mbele na nyuma kama vipapasio vya panzi. Kinasogea taratibu. Kabla hakijakaribia, sauti yake imeshafika: mmoja anatoa, wenzake wanaitikia, na kila kiitikio kinaangukia pale makafi yanapoingia majini. Mara kano ya motere, yaani boti ya injini, inakipita ikiacha povu, na vijana wa ufukweni wanaanza ubishi wao. Mmoja anamgeukia mvuvi mkongwe: "Papa, mpaka lini mtapiga kafi? Si mununue motere?" Mzee anacheka, anaendelea kushona wavu.

Kicheko kile kinastahili uhakiki. Swali la kijana linapima vyombo kwa mwendo, nalo ni kama kuuliza kama utenzi ni bora kuliko shairi kwa sababu mishororo yake ni mifupi. Tuanze na fani, ndipo tuulize kila fani imebeba nini.

Katika mitumbwi mitatu, sehemu yenye thamani kuliko zote ni ile isiyo na kitu. Mbao na miti vipo ili kuuzunguka uwazi wa maji, na ndani ya uwazi huo wavu unateremshwa. Taa zinaning'inizwa juu yake. Zamani zilikuwa za mafuta, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaufuata mwanga, wanajikusanya, kisha wavu unapandishwa kwa kamba, pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, wavu unalala na samaki wanamwagika. Kwa hiyo miti ile haikurefushwa kwa urembo. Ndiyo inayouweka mdomo wa wavu wazi, kama vina vinavyoshika ubeti usisambaratike.

Kano ya motere ni mshororo mmoja mrefu. Ina mwanzo na mwisho, ina pua ya kupasulia maji, na kila kilichomo kinaelekea mbele. Umbo lake linasema "nakwenda". Umbo la mitumbwi mitatu linasema "nakaa". Hapo ndipo kijana wetu anapokosea: amekipima chombo cha kukaa kwa kipimo cha chombo cha kwenda.

Fani hii ya kukaa inafuata tabia ya ziwa lenyewe. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, kwa kuwa maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kuyatumia. Kina cha Kivu kinafika karibu mita 480, lakini hewa ya kumtosha samaki haishuki zaidi ya mita 60 hivi. Chini ya hapo kuna maji yaliyojaa gesi za kaboni dioksidi na methani, na samaki haishi humo. Mvuvi wa Kivu anavulia kwenye tabaka jembamba lililokaa juu ya shimo refu. Usiku sambaza wanapanda karibu na uso wa maji. Kazi ya mvuvi ni kuwasha taa, kutulia na kungoja. Mbio hazimwongezei kitu.

Ugawe usiku huo kama unavyogawa mshororo vipande. Kuna kutoka, kuna kuwasha na kungoja, kuna kuvuta, kuna kurudi. Motere inafupisha kipande cha kwanza na cha mwisho. Vile viwili vya katikati, ambavyo ndivyo uvuvi wenyewe, haivigusi. Hata hivyo petroli yake inalipwa usiku wenye samaki na usiku usio na samaki vilevile.

Halafu kuna wimbo. Msikilizaji aliye juu ya mlima huuona kama pambo la kazi. Mimi nausoma kama usukani wa kazi. Mitumbwi iliyofungwa pamoja haivumilii wapigaji wanaopishana: wa kulia akivuta mapema na wa kushoto akachelewa, chombo kinajipinda na miti inalia. Mizani ya wimbo ndiyo inayowasawazisha. Mtoaji akirefusha sauti, makafi yanapumzika, akiikatiza, yanaharakishwa. Ukiweka motere, kelele zake zinaumeza wimbo, na pamoja nao inakwenda amri ambayo haikuhitaji mtu wa kufoka. Tofauti nyingine ni kwamba motere inamtii mtu mmoja aliyekaa nyuma, ilhali wimbo haujakamilika mpaka kila mtu ajibu.

Lakini mhakiki asigeuke kuwa msifiaji. Fani hii ina makosa yake. Inakula nguvu za watu: aliyepiga kafi jioni ndiye atakayevuta kamba usiku, kisha apige kafi tena alfajiri akiwa amelowa na amesinzia. Wengi wakibeba kazi, wengi wanagawana pato, na beseni la mgao linakuwa jepesi. Upepo wa ghafla wa msimu wa mvua ukiwakuta mbali, hawana cha kuukimbilia. Na sambaza mbichi hawangoji. Jua likipanda kabla hawajawafikia mama wauzaji, bei inashuka. Anayekusanya samaki kutoka Idjwi au Kalehe kuwaleta Bukavu ana haki ya motere. Biashara yake ni ya kwenda, na chombo chake kiwe cha kwenda. Kinyume chake, anayetega nyavu za tilapia karibu na ukingo, peke yake ndani ya mtumbwi mmoja, akinunua motere atakuwa amemnunulia panzi tandiko la farasi.

Kuna hatari nyingine iliyojificha katika umbo refu lenye nguvu nyuma: halikuambii mapema kwamba limezidiwa. Mitumbwi mitatu ikilemewa, wapigaji wanaujua uzito mabegani tangu kafi la kwanza. Motere haina mabega. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo Merdi, kilichotoka Minova kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, kilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, ndiyo maana watu walijazana majini. Sisemi motere ndiyo iliyoua. Nasema chombo kikiwa na nguvu ya kusukuma mzigo wowote, anayesema "umetosha" lazima awe mtu, na siku ile hakuna aliyelisema neno hilo akasikilizwa.

Basi mwenye pesa kidogo na hamu ya kuvua aanze na kitenzi kabla ya kufika kwa muuza motere: kazi yake ni kukaa au ni kwenda? Akijibu hilo, umbo litajichagua lenyewe.

Mzee wa wavu ana jibu lake, ila hulitoa mara moja kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kamili, ziwa lote linang'aa na taa haina cha kuwavutia sambaza, nao wanatawanyika. Siku hizo utaiona mitumbwi mitatu imefungwa ufukweni, taa zimezimwa, makafi yamelazwa ndani. Kano za motere zinapita kama kawaida. Mzee anashona. Anachokingoja ni giza, na motere haijui njia ya kulifuata.