Mabepari, si bepari mmoja
Kuifufua tamthilia ya zamani ya kuchekesha si kuipangusa vumbi tu. Ni kuuliza leo tumcheke nani. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliitafsiri kazi ya Shakespeare akaiita *Mabepari wa Venisi*. Jina la Kiingereza lina mfanyabiashara mmoja. La Kiswahili lina wengi. Hivyo Shylock mla riba halaumiwi peke yake: Antonio mwenye merikebu naye ni bepari. Lakini ndani ya mazungumzo, Myahudi bado anatukanwa kwa asili yake. Sisi Warundi tunajua dhihaka juu ya kabila huishia wapi. Tukiiigiza hapa Makebuko, jina halitatosha: Shylock amkazie macho kila anayecheka.